Bustani ya Mboga Katika Machakos: Kazi Yake Huanza Kabla ya Mvua

Mtu apitaye Kangundo, Mwala au Kathiani mwezi wa Desemba huona mboga kila mahali. Kunde zimetambaa chini ya mahindi, maboga yamepanda juu ya ua, na mchicha umejiotea wenyewe karibu na zizi. Wakati huo mboga haina bei, na mwenye nyingi humgawia jirani bila kuhesabu. Mtu huyo akirudi mwezi wa Septemba huona kama nchi nyingine: vumbi jekundu, miti imepukutika majani, na akina mama wanarudi kutoka sokoni na fungu dogo la sukuma wiki lililonunuliwa kwa fedha iliyokuwa na kazi nyingine.

Fedha hiyo si haba. Tuseme nyumba ya watu saba hununua mafungu mawili kwa siku, na kila fungu ni shilingi 20. Kwa muda wa siku 150 za ukame nyumba hiyo itakuwa imetoa shilingi 6,000 kwa majani tu. Wako wasioweza kununua. Hao hula ugali kwa chumvi, na mtoto mdogo asiyepata majani ya kijani kwa miezi mingi hupungukiwa na vitamini A, hata macho yake huanza kushindwa kuona jioni. Tena fedha yenyewe si ngao ya kutegemewa. Ukame mkubwa wa mwaka 1984 watu wa Ukambani waliupa jina la Nikw'a Ngwete, maana yake ni kama kusema "nafa hali nimeshika", kwa kuwa wengi walikuwa na shilingi mkononi na dukani hamkuwa na chakula cha kununua.

Wengi hudhani kwamba mboga hukosekana kwa sababu moja tu, yaani mvua kukatika. Ni kweli, lakini si kweli yote. Bustani nyingi hupandwa kwa kuifuata mvua: ikinyesha, mbegu hutiwa, ikikatika, bustani huachwa kwa mbuzi. Kwa hiyo nyumba hupata mboga kuliko iwezavyo kula kwa muda wa wiki nane au kumi, kisha hukosa kwa miezi. Mwenye bustani aliye na busara huanza upande wa pili. Hutazama kwanza miezi ya uhaba, ndiyo Februari na Machi, na tena Julai hadi Oktoba. Hujiuliza nyumba yake itakula nini wakati huo. Ndipo hurudi nyuma kuchagua cha kupanda na siku ya kukipanda.

MVUA MBILI NA VIANGAZI VIWILI

Machakos hupata mvua mara mbili kwa mwaka. Moja ni ile ya Machi hadi Mei, ambayo Wakamba huiita uua. Nyingine ni ile ya Oktoba hadi Desemba, nayo huitwa nthwa. Katika vitabu vya shule mvua ya Machi huitwa mvua ndefu na ile ya Oktoba huitwa mvua fupi, na majina haya yamewapoteza watu wengi. Mgeni akisikia "mvua ndefu" hudhani kwamba hiyo ndiyo ya kutegemewa, akatia mbegu yake yote humo. Wazee wa Ukambani hawadanganyiki. Wanajua kwamba nthwa ndiyo mvua ya mkulima, na kwamba uua mara nyingi huanza vizuri kisha hukatika kabla ya mazao kukomaa. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Katumani, karibu na mji wa Machakos, nao husema hivyo hivyo.

Viangazi navyo ni viwili, wala havifanani. Kile cha Januari na Februari ni kifupi, na jua lake ni kali. Kile cha Juni hadi Oktoba ni kirefu, lakini mwanzo wake ni wa baridi; mwezi wa Juni na Julai mawingu hufunika vilima vya Mua na Iveti asubuhi, na udongo haukauki upesi. Mmea ulioshika mizizi mwezi wa Mei huweza kufika Agosti kwa maji machache, hali mmea wa namna ile ile mwezi wa Februari hutaka kunyweshwa daima. Mwenye bustani asiyejua tofauti hii hutumia maji mengi mahali pa machache, na machache mahali pa mengi.

Nchi yenyewe pia si moja. Mji wa Machakos uko kadiri ya mita 1,600 juu ya bahari, na sehemu za vilima zina ubaridi wa kutosha kwa kabichi, karoti na sukuma wiki. Yatta na Masinga ziko chini na zina joto zaidi. Huko kabichi ni kazi ya hasara kwa mtu asiye na mfereji, bali kunde, ndengu, bamia na biringani hustawi. Haifai kabisa mtu wa Masinga kuiga bustani aliyoiona kwa shemeji yake huko Mua.

AGOSTI: KUANDAA UDONGO

Kazi ya bustani ya nthwa huanza mwezi wa Agosti, ardhi ikiwa kavu na watu wana nafasi. Mahali pazuri ni karibu na jiko, kwa sababu maji yaliyotumika hutoka jikoni, na mboga iliyo mbali na macho ya mama huliwa na kuku kwanza. Pawekwe ua wa matawi ya miiba, au wa mkonge kwa mtu mwenye subira.

Ardhi nyingi ya Machakos ni ya mteremko, kwa hiyo bustani isiyo na kinga ya maji hupeleka mbolea yake mtoni kwa mvua moja ya alasiri. Kinga inayofaa ni ile iitwayo fanya juu. Mtu huchimba mtaro kwa kukata mteremko, akifuata usawa wa ardhi, na udongo anaouchimba huutupa upande wa juu wa mtaro ili ufanye ukingo. Maji yanayoshuka huzuiwa na ukingo, udongo hukusanyika nyuma yake, na baada ya miaka kadhaa shamba lililokuwa limeinama huwa kama ngazi.

Jambo hili lina historia katika Machakos, na haikuwa historia ya furaha tangu mwanzo. Katika miaka ya 1930 vilima vilikuwa vimekatwa na makorongo, na serikali ya kikoloni iliona kwamba kosa ni wingi wa ng'ombe. Mwaka 1938 ng'ombe walichukuliwa kwa nguvu na kuuzwa. Maelfu ya Wakamba wakaenda Nairobi kulalamika, wakiongozwa na Muindi Mbingu, ambaye baadaye alikamatwa na kuhamishiwa Lamu. Kazi ya kuchimba makinga maji nayo ilichukiwa kwa muda mrefu kwa sababu watu walilazimishwa. Mambo yaligeuka katika miaka ya 1950, vikundi vya mwethya, ambavyo ndivyo desturi ya Wakamba ya kusaidiana kazi, vilipoishika kazi hiyo, na wakulima wakaipenda fanya juu kwa faida waliyoiona kwa macho. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki waliandika habari hii katika kitabu kilichotolewa mwaka 1994. Walionyesha kwamba watu wa wilaya ya Machakos ya zamani, pamoja na sehemu ambayo sasa ni Makueni, waliongezeka kutoka kadiri ya 240,000 mwaka 1932 hata kufika kadiri ya 1,400,000 mwaka 1989, na juu ya hayo udongo ulikuwa umehifadhiwa vizuri zaidi kuliko mwanzo.

Kwa bustani ya nyumbani mtaro mmoja au miwili yatosha. Ndani ya mtaro, mahali maji yanapotuama, hupandwa mgomba au mpapai. Juu ya ukingo hupandwa mbaazi, ambayo habari yake itafuata. Samadi iliyooza vizuri huchanganywa na udongo kwa kadiri ya debe moja kwa kila hatua mbili za mraba. Samadi mbichi isitiwe, kwa maana huunguza miche na huleta magugu. Asiye na ng'ombe aweza kufanya mboji kwa takataka za jikoni, majani na majivu, akianza mwezi wa Mei ili ziwe zimeoza kufikia Septemba.

HESABU YA MAJI

Hapa ndipo bustani nyingi hufa, na si kwa uvivu bali kwa kutohesabu.

Mboga iliyokwisha kufunika ardhi kwa majani yake hutaka, katika jua la kiangazi, kadiri ya lita 5 za maji kwa kila mita moja ya mraba kwa siku. Bustani ya hatua kumi kwa kumi, yaani mita 100 za mraba, itahitaji lita 500. Hiyo ni mitungi 25 ya lita 20 kila siku. Hakuna mama awezaye kuchota mitungi 25 kwa ajili ya mboga, hasa mahali ambapo mto umekauka na maji hufukuliwa mchangani. Basi hujaribu kugawa mitungi mitatu aliyo nayo juu ya bustani nzima. Kila mmea hupata tone la kulowesha vumbi, mizizi hurudi juu kutafuta tone hilo, na baada ya wiki tatu vyote hunyauka pamoja. Hapo husemwa kwamba udongo wa Machakos haufai.

Hesabu iliyo sawa huanza na maji, si na ardhi. Nyumba ya watu saba, kwa kuoga, kuosha vyombo na kusuuza nguo, hutoa kwa wastani wa uchache mitungi mitatu ya maji yaliyotumika, yaani lita 60. Lita 60 zikigawanywa kwa 5 ni mita 12 za mraba. Hiyo ndiyo bustani ya kiangazi ya nyumba ile: upana wa mita 1 na urefu wa mita 12, wala isizidi hata kidogo. Bustani ya mvua iwe kubwa kama mwenyewe apendavyo. Mvua ikikatika, lazima ipunguzwe kwa ujasiri.

Sehemu hii ya kiangazi haitengenezwi kwa matuta ya kuinuka. Matuta ya kuinuka ni ya nchi zenye maji mengi, na watu wameyaiga kutoka kwenye picha za vitabu. Katika Machakos hufaa jaruba, yaani kipande kilichoshushwa chini kama kina cha kiganja, chenye kingo pande zote, ili kila tone likae pale lilipomwagwa. Juu ya udongo hutandazwa majani makavu yasiyo na mbegu ili jua lisinyonye maji. Mabua ya mahindi hayafai sana kwa kazi hii kwa sababu huita mchwa, na mchwa wakimaliza mabua huendelea na miche.

Maji yenye sabuni ya kawaida hayadhuru, ikiwa yatamwagwa juu ya udongo na si juu ya majani, na ikiwa yatabadilishana na maji safi kila yanapopatikana. Maji yenye dawa ya kung'arisha nguo yasitumiwe. Wala maji yaliyotumika yasimwagwe penye mboga zinazoliwa mbichi.

Mwenye nyumba ya mabati ana akiba nyingine. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja kamili. Paa la mita 6 kwa 8, yaani mita 48 za mraba, katika nthwa ya milimita 300, hupokea lita 14,400. Hata sehemu ya sita ikipotea, hubaki lita 12,000, ambazo kwa lita 60 kwa siku ni maji ya siku 200. Ni kweli kwamba tangi la kuweka maji hayo ni ghali, na likipatikana watu watakunywa kabla ya sukuma wiki. Lakini hata pipa moja chini ya mchirizi husaidia kitalu cha miche.

KITALU NA NTHWA

Mwanzo wa Septemba hutiwa kitalu. Kitalu cha mita moja ya mraba hutosha nyumba, na kwa kuwa ni kidogo, lita 5 za maji kwa siku zamtosha mtu. Hutiwa vitunguu kwanza, kwa sababu huchukua wiki sita hadi nane kabla ya kuatikwa; kisha sukuma wiki, mnavu ambao wengine huuita managu, na nyanya chache. Kitalu hufunikwa kwa kivuli cha majani juu ya vijiti, na kivuli hicho hupunguzwa kidogo kidogo miche inapokaribia kuhamishwa ili izoee jua.

Wakati huo huo Idara ya Hali ya Hewa hutangaza makisio ya mvua za Oktoba hadi Desemba. Yafaa kuyasikiliza. Katika miaka ya El Nino mvua hii mara nyingi huzidi, kama ilivyofurika mwaka 1997. Katika miaka ya kinyume chake hupungua. Makisio yakiwa ya uhaba, mwenye bustani hupunguza sukuma wiki na kuongeza kunde.

Kunde, maboga na mbaazi hazihitaji kitalu. Wakulima wengi wa Ukambani huzipanda katika udongo mkavu siku chache kabla ya mvua inayotazamiwa, na desturi hii ni nzuri, kwa kuwa mmea hupata mvua yote tangu ya kwanza. Sharti lake ni moja: mbegu iingie chini kama urefu wa kidole, ili manyunyu ya udanganyifu yasiiamshe kabla ya wakati. Kwa kunde, kituo cha Katumani kilitoa aina iitwayo M66, ambayo hutoa majani mengi na mbegu pia, na K80. Aina za kienyeji nazo si za kudharauliwa; mama mwenye mbegu iliyoonja ukame wa miaka mingi asiitupe kwa sababu ya pakiti mpya. Ahifadhi zote mbili, akichanganya mbegu na majivu makavu ili zisiliwe na fukusi.

Mvua ikiisha kulowesha udongo hata chini ya jembe, miche huatikwa jioni. Sukuma wiki hupewa nafasi ya sentimita 60 kati ya mstari na mstari, na 45 kati ya mche na mche. Mchicha humwagwa kati ya mistari, maana baada ya wiki tatu au nne utakuwa umekwisha kung'olewa na kuliwa kabla haujasonga sukuma wiki. Majani ya kunde huanza kuchumwa wiki ya tatu au ya nne baada ya kuota. Yachumwe machanga, tena kwa mkono mwepesi. Ncha ikikatwa, mmea hutoa matawi ya pembeni, lakini ukivuliwa majani yote hauzai tena.

JANUARI: KUPUNGUZA NA KUKAUSHA

Mvua ikikatika, kwa kawaida karibu na sikukuu za mwisho wa mwaka, huja kazi mbili ambazo ndizo moyo wa shauri lote.

Kazi ya kwanza ni kupunguza. Katika mita 12 za mraba huingia miche 44 hivi ya sukuma wiki kwa nafasi iliyotajwa. Mwenye bustani huchagua miche iliyo bora katika jaruba, huilinda na kuinywesha, na yote iliyo nje ya jaruba huchumwa hadi mwisho na kung'olewa. Kung'oa mmea ulio hai ni jambo gumu kwa mkulima, lakini mmea usio na maji yake huiba ya mwenzake. Miche 44, ikitolewa majani mawili au matatu kila mmoja kwa wiki, hutoa majani kama 110. Sufuria ya watu saba hutaka majani 25 au 30. Kwa hiyo jaruba hulisha nyumba siku nne katika wiki, na siku tatu hubaki.

Siku mbili kati ya hizo tatu hujazwa na kazi ya pili, ndiyo kukausha majani ya kunde. Bibi za Ukambani waliijua kazi hii, nayo imeanza kusahauliwa kwa sababu vijana huona majani makavu kuwa chakula cha umaskini. Majani machanga huchumwa asubuhi, huoshwa, na huchovywa katika maji yanayochemka kwa dakika mbili au tatu. Kisha hutolewa, huchujwa, na hutandazwa juu ya mkeka au wavu safi. Yasianikwe katika jua kali. Jua hukausha upesi, lakini huharibu ile vitamini A ambayo ndiyo sababu ya kula majani. Kivuli chenye upepo ni bora, hata ikiwa kazi itachukua siku tatu. Majani yakikauka hata kuvunjika mkononi huwekwa katika chombo kikavu chenye kifuniko, mbali na moshi na panya. Siku ya kupika hulowekwa kwanza, kisha huungwa kwa kitunguu, na mwenye njugu zilizotwangwa akitia kidogo atapata wageni bila kuwaalika.

Kilo 8 za majani mabichi hubaki kama kilo 1. Nyumba itakayo kupika majani makavu mara mbili kwa wiki kwa wiki 20, kwa robo tatu ya kilo mabichi na nusu kilo zaidi kila mara, yaani kilo moja na robo, itahitaji kuchuma kilo 50 kwa jumla. Hesabu hiyo hutisha ikitajwa kwa mara moja. Lakini kunde za bustani na zile zilizo chini ya mahindi zikichumwa kwa zamu tangu Novemba katikati hadi Januari, ni kama kilo 6 kwa wiki, nazo ni zile zile ambazo zingeachwa zikomae na kuliwa na mbuzi. Huu ndio wakati wa wingi unaokwenda bure, na hapa ndipo Septemba huokolewa.

Vitunguu navyo hukomaa Februari au Machi. Shingo zikianguka zenyewe, hung'olewa, hukaushwa kivulini na kufungwa mafungu juu ya jiko. Maboga yaliyokomaa kwa ganda gumu hukaa darini miezi kadhaa.

UUA, KWA KIFUPI

Kitalu cha pili hutiwa mwishoni mwa Februari, tena kidogo. Mvua ya uua haifai kutumainiwa kwa mazao ya muda mrefu, ila yafaa sana kwa jambo moja: kushikisha mizizi ya miche mipya itakayochukua jaruba wakati wa baridi. Miche ile ya Novemba kufikia Aprili imechoka na shina lake limekuwa refu. Huchukuliwa vichipukizi vyake vya pembeni, vikachomekwa katika udongo wa maji, na nyumba hupata sukuma wiki mpya bila kununua mbegu. Kati ya mistari hutiwa tena mchicha, mgagani, na kunde za haraka. Nyanya zikipandwa katikati ya mvua hushikwa na ugonjwa wa majani kuwa meusi. Heri miche michache iatikwe mwisho wa Mei karibu na maji.

Vidukari, wale wadudu wadogo wanaojikusanya chini ya majani, hupenda zaidi miezi ya ukavu kuliko ya mvua. Wakionekana mapema huoshwa kwa maji yenye sabuni kidogo, na majani yaliyojikunja huchomwa. Mtu anayepiga dawa za dukani katika mboga za majani hana budi kusoma siku zilizoandikwa juu ya chupa kabla ya kuchuma, kwa sababu watoto wake ndio watakaokula. Tena mboga za jamii ya kabichi zisirudishwe mahali pamoja kila majira. Zibadilishane na kunde, ambazo huongeza nguvu ya udongo.

MBAAZI, MBOGA YA JULAI

Imebaki siku moja katika wiki, nayo ni ya mbaazi.

Mbaazi za kienyeji, ambazo Wakamba huziita nzuu, hupandwa pamoja na mvua ya nthwa mwezi wa Oktoba au Novemba, na kwa miezi mingi hazionekani kufanya kitu. Mahindi huvunwa, kunde hung'olewa, uua huja na kupita, na mbaazi zimesimama tu. Mizizi yake huwa inakwenda chini sana, mahali ambapo jua la Februari halifiki. Mwezi wa Mei na Juni hutoa maua ya manjano, na Julai na Agosti, wakati bustani za majirani ni vumbi, huwa zimejaa maganda mabichi. Mbaazi mbichi zilizobanduliwa na kupikwa pamoja na viazi au kwa mchuzi wa kitunguu ni chakula kilicho bora kuliko nyama nyingi zinazouzwa wakati huo, na mwili hupata humo nguvu ya kujenga. Katumani imetoa pia aina zinazozaa mapema zaidi. Mwenye nafasi aweza kupanda za namna mbili, ili maganda yasije yote kwa pamoja.

Hazihitaji sehemu ya bustani. Mbegu mbili katika kila shimo, kwa nafasi ya hatua moja na nusu, juu ya ukingo wa fanya juu na kuuzunguka ua, hutosha. Mashina 30 hulisha nyumba siku moja au mbili za kila wiki kwa muda wa mavuno, na zinazosalia hukauka kwa akiba. Adui yake mkubwa ni funza wa maganda, tena mbuzi wa jirani, ambaye kiangazi humfanya awe hodari wa kuruka ua.

Maganda ya mwisho yakichumwa, kwa kawaida Septemba, mashina hukatwa kwa panga na kuwekwa karibu na jiko kuwa kuni, na majani yaliyodondoka chini yake hukusanywa kwa ajili ya jaruba. Kufikia siku hiyo mtaro umekwisha kuzibuliwa mchanga, samadi imekwisha kulala ndani ya udongo kwa mwezi mzima, na kitalu cha vitunguu kimekwisha kuota.